Vipimo vya Bei Nafuu kwa Vifaa Visivyotumia Waya: Fedha Ziwekwe Wapi?

Kifaa kinachotumia mawimbi ya redio hakiuzwi nchini Uganda kabla ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kutoa idhini ya aina ya kifaa hicho, na ombi la idhini huambatana na ripoti ya vipimo kutoka maabara yenye ithibati. Kwa karakana ndogo ya Kampala au Mbarara inayounda vifaa vya namna hii, maabara ya namna hiyo mara nyingi iko nje ya nchi, na kila safari ya kupeleka kifaa, kufeli, kurekebisha na kupeleka tena hula fedha ambazo zingelipa mishahara. Ndiyo maana upimaji wa awali, yaani kukipima kifaa mwenyewe kabla hakijaenda maabara, ni suala la uhai wa karakana. Kinachobishaniwa ni kama vipimo vya bei nafuu vinaifaa kazi hiyo.

Upande mmoja unasema kwamba kichanganuzi cha spektra, yaani chombo kinachoonyesha kwenye kioo nguvu ya mawimbi katika kila masafa, kama tinySA Ultra, kinachopatikana kwa chini ya dola 200, kimeondoa kisingizio cha kutojipima. Upande wa pili, wenye wahandisi waliozoea maabara, unajibu kwamba kipimo kisichoaminika ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa sababu humfanya mtu apeleke maabara kifaa kibovu kwa kujiamini, au apoteze wiki nzima akitafuta kosa ambalo halipo. Nakubaliana na wa kwanza kuhusu ununuzi na wa pili kuhusu hatari. Hata hivyo, naona pande zote mbili zimeikazia macho bei ya kichanganuzi, ilhali linaloamua ni vitu vidogo vinavyokizunguka, ambavyo ndivyo vinavyofanya usomaji wake uaminike na ambavyo bajeti nyingi huvisahau.

Tuchukue mfano wa kihisi cha joto kinachofungwa kwenye tangi la kupoozea maziwa katika wilaya za wafugaji za kusini-magharibi, kikituma taarifa kwa LoRa, njia ya redio ya kutuma taarifa chache mbali kwa nguvu ndogo, kwenye 868.1 MHz. Uganda, kama Afrika yote na Ulaya, iko katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hivyo mbunifu huanzia kwenye viwango vya ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, na kwa masafa haya kiwango husika ni EN 300 220. Kiwango hicho kinaruhusu miliwati 25, sawa na 14 dBm (desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1), kati ya 868.0 na 868.6 MHz, kwa kawaida kwa sharti kwamba kifaa kisitume zaidi ya asilimia 1 ya muda. Hamoniki, yaani mawimbi yasiyotakiwa ambayo hujitokeza kwenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu au zaidi ya masafa makuu, hazipaswi kuzidi -30 dBm pale zinapokuwa juu ya 1 GHz. Maana yake ni kwamba, kifaa kikituma kwa nguvu yote, hamoniki ya pili kwenye 1736.2 MHz sharti iwe chini ya wimbi kuu kwa angalau desibeli 44.

Hapo ndipo bei inapoanza kupotosha. Rigol DSA815, kifaa cha mezani chenye bei mara kadhaa ya ile ya tinySA Ultra, huishia 1.5 GHz, kwa hiyo hakiioni kabisa hamoniki hiyo ya pili. Siglent SSA3021X hufika 2.1 GHz: huiona ya pili na kuikosa ya tatu, iliyo kwenye 2604.3 MHz. tinySA Ultra hupita 5 GHz, lakini juu ya 800 MHz hufanya kazi bila chujio la masafa kwenye lango lake la kuingilia, na matokeo yake huweza kuonyesha kwenye kioo mawimbi ambayo hayapo hewani. RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, cha bei ya chini kuliko vyote, huishia karibu na 1766 MHz na hugeuza mawimbi kuwa namba kwa biti 8 tu, uwezo mdogo kwa kazi inayodai tofauti ya desibeli 44. Mnunuzi anayeangalia bei peke yake anaweza kulipa zaidi na bado akakosa kile anachokitafuta.

Je, utajuaje kwamba kilele unachokiona kwenye kioo ni cha kifaa chako na si cha kichanganuzi chenyewe? Jibu ni kipunguza mawimbi, kipande kidogo cha chuma chenye kiunganishi cha SMA kila upande, ambacho hushusha nguvu kwa kiasi kinachojulikana. Kiongeze cha desibeli 10 kwenye kebo kati ya kihisi na kichanganuzi, kisha tazama. Hamoniki ya kweli itashuka kwa desibeli 10 kamili, sambamba na wimbi kuu. Hamoniki ya pili iliyozaliwa ndani ya kichanganuzi kwa sababu wimbi kuu limekizidi nguvu itashuka kwa desibeli 20 hivi, na ya tatu kwa 30. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, nalo hutenganisha hofu ya bure na kosa halisi vizuri kuliko kubadilisha kichanganuzi. Ukiongeza chujio linalozuia 868 MHz na kupitisha yaliyo juu yake, kichanganuzi cha bei nafuu hakilemewi tena na wimbi kuu, na hamoniki hubaki peke yake kiooni.

Kuna mtego mwingine unaotokana na namna LoRa inavyotuma. Kihisi hutuma kwa kipindi kifupi sana kisha hunyamaza, wakati kichanganuzi cha bei nafuu hupitia masafa taratibu, hivyo huweza kuwa kinatazama kwingine kihisi kinapotuma. Dawa yake ni kuandika programu ya majaribio inayoifanya redio itume mfululizo, na dawa hiyo haina gharama.

Hoja ya wahandisi wa maabara inapata nguvu zaidi pale tunapoondoka kwenye kebo na kupima kinachosambaa hewani. Wimbi linalorudishwa na ardhi huweza kuongeza usomaji kwa hadi desibeli 6, au kulifuta wimbi la moja kwa moja karibu lote, na ndiyo sababu maabara hupandisha antena kutoka mita 1 hadi mita 4 zikitafuta usomaji wa juu kabisa. Anayepima Kampala, jiji ambalo redio za FM zimejaa kati ya 87.5 na 108 MHz na minara ya Kololo iko karibu, atakuta sehemu hiyo ya spektra imezibwa na matangazo. Kichanganuzi cha bei ghali hakiyaondoi mawimbi hayo, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu anunue kwa sababu hiyo.

Njia ya kuzunguka ugumu huo ipo, na nasikitika kwamba haitumiki inavyostahili. Vifaa vingi hufelishwa na kelele ya saketi ya kubadilisha volti inayotoka kupitia waya wa umeme au wa kihisi, redio yenyewe ikiwa haina kosa. Kelele hiyo hupimwa kwa probu ya mkondo inayofumbata waya, ambayo fundi anaweza kuitengeneza kwa pete ya feriti na mizunguko michache ya waya. Mkondo wa mikroampia 5 tu katika waya wa mita 1, kwenye 50 MHz, huzalisha takriban mikrovolti 100 kwa mita katika umbali wa mita 3, na hicho ndicho kiasi kinachokaribia kikomo cha vifaa vya majumbani.

Bado hakuna lolote kati ya haya linalokupa thamani kamili unayoweza kuiapia. Kwa hiyo napendekeza fedha zilizookolewa kwenye kichanganuzi zilipie siku moja ya maabara mapema, wakati bidhaa ingali sampuli. Kifaa kilichopimwa kirudi karakanani na ripoti yake, kihifadhiwe bila kuguswa, na kila toleo jipya lipimwe kando yake kwenye meza ileile, kwa kebo zilezile na antena ileile. Ikiwa ripoti inasema hamoniki ya pili ilikuwa chini ya kikomo kwa desibeli 8, na toleo jipya linasoma desibeli 3 juu ya kifaa hicho, umebakiwa na desibeli 5, hata kama kichanganuzi chako kina kosa la desibeli 4 kwa yote mawili.

Kununua moduli ya redio iliyokwisha kuthibitishwa hupunguza kazi, lakini hakuondoi kelele ya waya wala hamoniki zinazoongezeka antena inapobadilishwa. Kichanganuzi cha mezani chenye kigunduzi (sehemu inayopima ukubwa wa wimbi) cha aina inayotakiwa na CISPR, kamati ya kimataifa ya viwango vya kelele za redio, kinamfaa anayetoa bidhaa nyingi kila mwaka, au karakana kadhaa zilizokubaliana kukichangia. Mwenye bidhaa moja au mbili aanze na kichanganuzi kidogo, vipunguza mawimbi, chujio moja na kebo nzuri, kisha kinachobaki akilipe maabara.