Ngome ya Nottingham: nani alipe mlangoni?

Mgeni anayefika Nottingham, katikati ya Uingereza, akiwa na Robin Hood, yule mwizi wa hadithi za kale aliyewapora matajiri akawapa maskini, kichwani, huinua macho kuitafuta ngome asiione. Juu ya mwamba wa mchanga wenye urefu wa mita 40 hivi limekaa jumba la mstatili la mtindo wa Kiitalia, lenye safu za madirisha, kama nyumba ya tajiri asiyemwogopa mtu. Cha zamani kilichobaki ni lango la karne ya 13, tena nalo limekarabatiwa sana, pamoja na vipande vya kuta na mapango chini ya mwamba. Wengi hushuka wakinung'unika kwamba hakuna minara. Hilo la minara siligombanii. Ugomvi wenye uzito ni ule wa tiketi, yaani kama wenyeji walipe kiingilio au la, na kuuelewa kunataka turudi nyuma kidogo.

Ngome ya kwanza, ya mbao, ilijengwa mwaka 1068 kwa amri ya Mfalme William Mshindi, akaja Mfalme Henry II akaigeuza kuwa ya mawe. Mwaka 1330 kijana Edward III aliwapenyeza watu wake ndani usiku wakamkamata Roger Mortimer, mwanamume aliyekuwa akiitawala nchi kupitia mama yake mfalme. Agosti 1642 Charles I alipandisha bendera yake hapa, na vita kati yake na Bunge vikaanza rasmi. Bunge liliposhinda, ngome ilibomolewa mwaka 1651 kwa makusudi, isije ikamfaa mfalme mwingine. Duke wa Newcastle (duke ni bwana wa cheo cha juu kabisa cha ukabaila) alinunua magofu yake na kuanzia 1674 akajengewa kasri juu yake. Hilo ndilo jumba wanalolinung'unikia wageni.

Duke wa nne katika ukoo wa waliorithi cheo hicho baadaye ndiye kiini cha habari yote. Alikuwa na mashamba na nyumba nyingi, na mwaka 1829 aliwafukuza wapangaji wake wa mji wa Newark kwa sababu hawakumpigia kura mtu wake. Alipolaumiwa alijibu kwa maneno ya mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo: je, hana ruhusa ya kufanya apendavyo na vilivyo vyake? Miaka miwili baadaye, muswada wa kupanua haki ya kupiga kura ulipofika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, Duke alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete usipite. Ulikataliwa tarehe 8 Oktoba 1831. Tarehe 10, watu wa Nottingham walipanda mlima wakalitia moto kasri lake, ambalo wakati huo halikuwa na mtu. Inasimuliwa kwamba mazulia ya ukutani yaliraruliwa na kuuzwa barabarani kwa yadi.

Kilichofuata ni cha kutazamwa kwa makini. Watu watatu walinyongwa Februari 1832 kwa makosa ya fujo za siku zile. Duke alilipwa fidia ya pauni 21,000, na kwa sheria ya wakati huo mzigo huo uliwaangukia walipa kodi wa eneo lenyewe. Alipokea fedha, asitengeneze kitu. Gofu jeusi likabaki juu ya mji kwa zaidi ya miaka 40, kila mtu akiliona.

Manispaa ilikuja kulikodi gofu hilo katika miaka ya 1870, mbunifu T. C. Hine akalifufua, na mwaka 1878 Mwanamfalme wa Wales akafungua jumba la makumbusho ya sanaa kwa ajili ya mikoa ya kati. Ndilo la kwanza la aina yake kumilikiwa na manispaa nje ya London. Halikuwa pambo tu. Nottingham ilikuwa mji wa lesi, na wachoraji wa mitindo ya lesi walihitaji kuona vitu vizuri ili watengeneze vizuri. Maonyesho ya mwanzo yaliazimwa kutoka South Kensington, makumbusho ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert.

Sasa tuje kwenye tiketi. Ngome ilifungwa mwaka 2018 kwa ukarabati uliogharimu zaidi ya pauni milioni 30, ikafunguliwa Juni 2021 chini ya taasisi ya kujitegemea, mtu mzima akilipa pauni 13. Ndani kulikuwa na ukumbi mpya kabisa unaohusu uasi: vita vya 1642, wafumaji waliovunja mashine mwaka 1811, na moto wa 1831. Novemba 2022 taasisi ilifilisika, wafanyakazi wakapoteza kazi, milango ikafungwa. Halmashauri ya jiji ikairudisha mikononi mwake na kuifungua tena Juni 2023, kwa pauni 15, ila tiketi ikawa ya mwaka mzima.

Wanaotetea kiingilio wana hoja isiyopuuzika. Novemba 2023 halmashauri hiyohiyo ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Jiji lililofika hapo linachagua kati ya paa la makumbusho na mzee anayehitaji mtu wa kumwogesha nyumbani, na mimi sitamlaumu diwani atakayemchagua mzee. Tena wageni wengi hawalipi kodi Nottingham. Kwa nini mstaafu wa pale mjini amgharimie mtalii kutoka ng'ambo? Na ukweli mwingine usiopendwa: kufungua mlango bure hakumleti maskini peke yake. Mara nyingi anayefaidi ni yuleyule aliyezoea makumbusho, sasa akiingia bila kutoa senti.

Upande wa pili hausemi kwamba fedha zipo. Unauliza nani amekwisha kulipa. Mababu walilipa fidia ya Duke, manispaa ikalipia ukarabati wa kwanza, na huu wa karibuni umetoka kwenye fedha za umma na za bahati nasibu ya taifa, ambayo wachezaji wake si mabwanyenye. Kisha mjukuu wa mfumaji anaambiwa atoe kiingilio ili akasome jinsi mababu zake walivyoasi dhidi ya mtu aliyesema mali ni yangu. Ukiicheka kejeli hiyo, cheka taratibu, maana ipo wazi mno.

Hata hivyo, kwangu pande zote mbili zinagombea kipande kidogo. Tangu 2001 makumbusho ya taifa, mengi yake yakiwa London, huingiwa bure kwa sababu serikali kuu inayafadhili. Victoria and Albert, yaliyoiazima Nottingham vitu vyake vya kwanza, hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Makumbusho ya Nottingham, yaliyoanzishwa ili mfumaji asilazimike kusafiri hadi London kuona sanaa, yanamtoza. Kuigombeza halmashauri peke yake ni kumkaba koo karani kwa sheria iliyotungwa na mkubwa wake.

Ningepewa kalamu, ningeacha tiketi ya mwaka kwa wageni, bustani na ukuta wa kutazamia mji viwe vya wote, na mwenye anwani ya Nottingham aingie na kitambulisho chake cha makazi. Hasara itakuwepo, na itabidi iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Hadi hapo kitu cha bure kabisa ni sanamu ya Robin Hood ya mwaka 1952, iliyosimamishwa nje ya ukuta, chini barabarani. Mshale wake umeibwa mara kadhaa.