Vipokezi vya mofini havijaoana, vinasalimiana tu

Bibi yangu alipokuwa anaumwa kansa mimi ndo nilikuwa napima dozi. Chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya masaa manne, usiku na mchana. Mwanzoni kidogo tu kilimtosha, baadae daktari akapandisha, akapandisha tena, mpaka jirani yetu mmoja akanivuta pembeni akaniambia mwanangu, mnamfanya bibi yako teja. Nilikosa jibu. Leo ningemwambia dozi mara nyingi inapanda kwa sababu ugonjwa wenyewe umepanda, na pengine mwili nao umezoea dawa, na mwili kuzoea sio uteja. Ila huko kuzoea kunatokeaje? Hapo ndo nilipotumbukia kwenye habari za vipokezi, zile protini za kwenye seli ambazo mofini inazishika ndo ifanye kazi, na sijatoka mpaka leo.

Shuleni tulichorewa kufuli na funguo. Mofini funguo, kipokezi kufuli, kimetulia kwenye ukuta wa seli kinasubiri. Mi naona mchoro huo umepitwa na wakati. Kwanza utando wa seli sio ukuta, ni mafuta mafuta, na kipokezi ni protini iliyopenya utando huo mara 7 kama uzi kwenye pindo la shuka, afu kinaogelea humo hakitulii. Vya opioidi, yaani dawa za jamii ya mofini, viko vya aina tatu kuu, mu, delta na kapa, na mofini kazi yake kubwa inaifanya kwa mu. Ugomvi wa wataalamu kwa zaidi ya miaka 20 ni huu: vinatembea kimoja kimoja au kwa pea?

Mwaka 1999 watafiti Jordan na Devi, New York, walitoa matokeo kwamba kapa na delta vikishikana vinageuka kama kipokezi kipya, dawa iliyochongwa kwa ajili ya kapa peke yake haikikamati vizuri tena, ya delta nayo vilevile, lakini ukiziweka pamoja zinasaidiana kushika. Watu wakachangamka, kila maabara ikaanza kutafuta pea, na pea zikaonekana kila kona, na hapo ndo mimi naweka mashaka yangu. Majaribio mengi ya zamani seli zilikuwa zinajazwa vipokezi kupita kawaida, na wakati mwingine utando unayeyushwa kwa kitu kama sabuni ndo wapime. Sasa wewe panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, kila abiria kamgusa mwenzake, piga picha halafu useme hawa wote mke na mume, si utachekwa? Hata ile picha ya mwaka 2012 ya kipokezi cha mu kilichogandishwa kuwa fuwele, kutoka maabara ya mtafiti Kobilka kule Marekani, ilionyesha vimekaa viwili viwili vizuri kabisa, lakini vilikuwa vimetolewa kwenye seli, vikapachikwa kipande cha protini nyingine ili vitulie, ndo vikapigwa picha. Picha nzuri mno. Ila ni ya studio.

Kilichonibadilisha mawazo ni watu walioamua kuvichungulia vikiwa hai, kipokezi kimoja kimoja, kila kimoja kina taa yake ndogo na kamera inakifuata. Mwaka 2020 timu ya Ujerumani iliripoti kwamba mu vikiwa havina dawa vingi vinatembea peke yake, ukiweka DAMGO, dawa ya maabara iliyoigiza kemikali za mwili wenyewe, pea zinaongezeka, ukiweka mofini haziongezeki. Umeona hapo? Kipokezi kilekile, dawa mbili, tabia mbili, hiyo ya kufuli na funguo inaelezeaje? Timu ya mtafiti Kusumi kule Okinawa, Japani, nayo ikaona pea zinadumu sehemu ndogo ya sekunde, vinagusana, vinaachana, kila kimoja kinaenda kutafuta mwingine. Yaani sio ndoa, ni kupeana mkono mlangoni.

Na bado salamu hizo zina kazi. Panya waliozaliwa bila delta hawakuzoea mofini kama wenzao, hilo limejulikana toka 1999, na hao wa Okinawa walitengeneza kipande cha protini cha kuzuia mu na delta visishikane, panya wakachelewa kuizoea dawa. Wanaoshangilia kwamba dawa ya maumivu isiyozoeleka imeshapatikana wapunguze mwendo jamani, hao ni panya.

Juzi yule jirani alikuja, supu iko mezani, nikasema ngoja nimwonyeshe. Mama, ona haya matone ya mafuta yanavyoogelea, ona mawili yanagusana, sasa yataachana. Tukainama wote tukasubiri. Yakaungana yakawa tone moja kubwa, akanitazama, akachukua kijiko akaanza kula.