Maji Moto au Dawa: Kutibu Mbegu za Bustani Kabla ya Kuatika

Joto na unyevu wa Mombasa msimu wa masika huwafaa mno bakteria wanaotia madoa majani ya nyanya na pilipili, na ndiyo maana swali la kutibu mbegu lastahili kuzingatiwa zaidi na wakulima wa bustani za Likoni na Kisauni, hasa wanaotumia mbegu walizozitoa wenyewe kwenye matunda ya msimu uliopita.

Wanaopinga husema kwamba ni kazi bure, kwa kuwa vimelea vingi hukaa udongoni, na mnyauko bakteria unaweza kudumu shambani kwa miaka kadhaa hata mbegu ikiwa safi kabisa. Hoja hii ni ya kweli kwa mnyauko, lakini si kwa madoa ya majani, ambayo husafiri na punje yenyewe. Mche mmoja mgonjwa kitaluni hutosha kuwaambukiza wenziwe kwa matone ya maji ya kumwagilia.

Kuloweka mbegu za nyanya au biringanya katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha kuzipoza na kuzikausha kivulini, hufika ndani ya punje, mahali ambapo dawa nyingi za kupaka hazifiki. Tatizo ni kwamba joto likizidi kidogo kiini hufa, likipungua ugonjwa husalia, na mbegu kuukuu huweza kushindwa kuota. Matango, maboga na maharagwe hayavumilii kabisa. Asiye na kipimajoto, kwa maoni yangu, asijaribu. Aliye nacho aanze na punje chache, aone zinavyoota.

Dawa ya kuua kuvu ina faida ambayo maji moto hayana: hubaki juu ya mbegu na kuikinga na kinyausi cha udongoni, yaani ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga. Hata hivyo ni sumu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa thiramu, mojawapo ya dawa hizo, kwa sababu zikiwemo hatari kwa ndege na wanyama wanaokula mbegu, na kwetu kuku huchakura papo hapo penye kitalu.

Sukuma wiki ni kadhia nyingine, kwani huhitaji baridi ili itoe maua, na kwa hiyo mkulima wa pwani hununua mbegu za pakiti. Zikiwa zimepakwa dawa yenye rangi asizitie maji moto, maana ataiosha kinga aliyoilipia na kuimwaga sumu uani.