Uhindini ya Dar si mahekalu na misikiti peke yake

Mgeni akitembezwa Uhindini, katikati ya Dar es Salaam, huonyeshwa mahekalu ya Kihindu ya Kisutu, jamatkhana, yaani nyumba ya ibada, ya Waismailia yenye mnara wa saa, na msikiti wa Khoja Shia Ithnaasheri. Yote yanastahili kuonwa. Lakini majengo hayo yana jumuiya zake: hupakwa rangi, na paa likivuja waumini huchanga. Zinazotoweka ni nyumba za kawaida, duka chini na familia ghorofani, na kwa maoni yangu hizo ndizo Uhindini yenyewe.

Ukitaka kuzisoma, inua macho juu ya vibao vya biashara. Kwenye kilele cha ukuta wa mbele mara nyingi utakuta mwaka wa ujenzi na jina, vimefinyangwa kwa lipu. Chini yake kuna roshani inayowapa kivuli wapita njia. Zile kongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Zile za miaka ya 1930 na baada yake ni za zege, na kona zake zimeviringwa.

Msongamano wa nyumba hizi una historia chungu. Serikali za kikoloni ziliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa bahari, Waafrika Kariakoo, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka, na Uhindini ikabanwa katikati. Mwaka 1971 sheria ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mambo hayo mawili yaandikwe kwenye ukuta wowote utakaohifadhiwa, bila kupunguza neno.

Tatizo kubwa zaidi, naona, liko kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye husubiri waziri alitangaze. Sasa fikiria: Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam karibu yote haina urithi! Umri ndio uwe kipimo. Jengo likitimiza miaka 75, lisivunjwe kabla ya kukaguliwa, kupimwa na kupigwa picha.

Wapo wanaosema nyumba hizi ni hatari, bora maghorofa. Hatari ipo, lakini haitokani na uzee peke yake. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Usalama unahitaji ukaguzi, kwa jengo jipya na la kale vilevile.

Nyumba ya matumbawe huuawa na matengenezo mabaya. Fundi akiona lipu inamomonyoka, hubandika ya saruji. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutolea nje. Saruji huuziba, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hujitenga na kudondoka na kipande cha jiwe. Kabla ya hapo, maji yaliyokwama huwa yameshaozesha ncha za boriti zilizomo ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Rangi ya mafuta huleta madhara yale yale.

Dawa yake ni chokaa. Izimwe kwa maji na kulazwa shimoni miezi mitatu au zaidi. Changanya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga uliooshwa. Mchanga wa pwani usiooshwa unaingiza chumvi ile ile unayoikimbia. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, kisha lifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwani likikauka upesi kwa jua la Dar litapasuka. Lakini anza na mifereji ya paa. Bomba likimwaga maji ukutani, lipu yoyote itashindwa.

Za zege zina ugonjwa wake: nondo zinapata kutu, zinavimba, na chini ya roshani zege linabanduka. Hapo usipake rangi kuficha. Chimbua mpaka nondo safi, zisugue, ongeza mpya pale zilipoliwa, ndipo uzibe.

Zanzibar imekuwa na mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985. Dar ianze na orodha tu: mitaa ya Jamhuri, Zanaki, Indira Gandhi na Kisutu, nyumba kwa nyumba, ikionyesha mwaka, vifaa vya ujenzi, hali ya paa, na mwenye wajibu wa kulitengeneza.