Moshi au chumvi? Kihisio cha Mtwara hakijui

Kupima hewa siku hizi kumekuwa rahisi: kiboksi chenye leza na feni ndogo, umeme wa volti 5, bando la intaneti, na namba za PM2.5 (uzito wa chembe za hewani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5) zinaanza kumiminika. (Nakiita kihisio, maana ukitaja sensa watu wanajiandaa kuhesabiwa.) Bei yake ndogo hainisumbui. Kinachonisumbua ni kukitundika Shangani, hapa Mtwara, hatua chache kutoka baharini, halafu kusambaza namba bila kuandika unyevu wa hewa wa saa hiyo.

Kihisio hakipimi uzito. Kinamulika chembe, kinasoma mwanga uliotawanyika, kisha kinakisia uzito. Sasa chukua chembe ya chumvi ya bahari. Unyevu ukipita asilimia 75 inafyonza maji na kugeuka tone. Ukifika asilimia 90 kipenyo chake kimekua zaidi ya mara mbili. Tena haikauki kwa kiwango kile kile ilicholowea: inabaki tone hadi unyevu ushuke karibu na asilimia 45, na mchana wa masika pwani hii unyevu huo utausubiri sana. Leza inaona tone nene, inaandika uchafu. Na hayo yanatokea alfajiri, kati ya saa 11 na saa 2, muda ule ule majiko ya mkaa yanawashwa na bodaboda zinaingia barabarani. Moshi upo, maji yapo, na grafu moja haikutenganishii.

Wengine wanakimbilia kanuni ya mamlaka ya mazingira ya Marekani iliyotengenezwa kwa vihisio vya PurpleAir: zidisha usomaji kwa 0.52, toa unyevu mara 0.086, ongeza 5.75. Usomaji wa 30 kwenye unyevu wa asilimia 90 unakuwa 13.6 hivi. Kiwango cha saa 24 cha Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Yaani hewa ile ile imetoka mara mbili ya kiwango ikaingia ndani ya kiwango, kwa hesabu iliyopigwa kwa hewa ya Marekani. Mimi siinakili.

Afadhali ununue vihisio vichache, fedha inayobaki uitie kwenye pampu moja ya filta. Filta ya Teflon ya milimita 47, mvuto wa lita 16.7 kwa dakika, saa 24: umepitisha mita za ujazo 24. Filta ikiongezeka mikrogramu 480, hewa ilikuwa na mikrogramu 20 kwa mita ya ujazo. Hesabu ya shule ya msingi, lakini mizani isome mikrogramu moja, na filta ikae kwanza siku nzima kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kabla na baada ya kupima. Ukiipima ilivyotoka kibarazani, umepima maji. Beba pia filta tupu, isafiri na kurudi bila kuvutiwa hewa. Nayo ikiongezeka uzito, kuna mkono ulioichafua. Pima mvuto mwanzo na mwisho, kwa sababu mpira wa kuziba ukilegea pampu inavuta hewa ya pembeni. Vihisio vyote vikae kando ya pampu wiki mbili kabla ya kusambazwa mitaani, na kanuni ya kusahihisha itoke hapo.

Kuhusu kufunga: kimo cha mita 2 hadi 3, matundu yakitazama chini, mbali na jiko la chipsi. Kikikaa chini ya bati la jua, boksi linapata moto na kipima unyevu kinasema hewa ni kavu. Viunganishi vya waya vipake vanishi, chumvi inavila. Tundu la hewa usiliguse. Buibui nao wanapenda feni. Weka saa yenye betri yake, umeme ukikatika muda usipotee.

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho usitegemee leza hizi za bei nafuu kabisa. Unga wa salfa, vumbi jekundu na saruji vina chembe nene nyingi, ambazo vihisio hivi vinazihesabu pungufu, hata safu ya PM10 (chembe za hadi mikromita 10) ikionyesha namba nzuri.

Upande wa pili wa kipimo hali ni ngumu zaidi. Chembe laini kupindukia, zilizo chini ya mikromita 0.1, leza hiyo haizioni. Upofu wake unaanzia karibu na 0.3. Kwenye uzito nako zinapotea: chembe moja ya mikromita 2.5 ina ujazo wa chembe 15,625 za 0.1. Ndiyo maana hizi zinahesabiwa, hazipimwi uzito. Kifaa cha kuzihesabu kinazivika mvuke wa alkoholi mpaka zinenepe na kuonekana. Usikiinamishe, alkoholi itafurika kwenye lenzi. Kwa unyevu wetu utambi wake wa alkoholi unanyonya maji ya hewani, kwa hiyo badilisha alkoholi mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Mrija uwe mfupi, mweusi wa silikoni yenye kaboni. Plastiki ya kawaida inazinasa njiani kwa umeme tuli. Anza kwa kuvuta hewa kupitia filta ya HEPA, inayonasa karibu chembe zote. Kisiposoma sifuri, usiendelee.

Kituo cha mabasi cha Mkanaledi kinafaa kwa kuanzia: soma dakika 10 pembeni mwa injini zinazounguruma, kisha dakika 10 mita 200 upande upepo unakotoka. Zaidi ya chembe 20,000 kwa sentimita ya ujazo kwa wastani wa saa moja, Shirika la Afya Duniani linaita nyingi. Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo ya injini, na bahari haina mkono mkubwa humo.