Tamasha Ziwani na Haki ya Kufika Ziwani

Wanaotetea matamasha ya utamaduni ndani ya mbuga za wanyama wana hoja ya kweli. Kijana aliyekulia mjini Nakuru, ambaye lugha ya nyanya yake huisikia mazishini tu, hupata siku ya kusikia nyimbo zikiimbwa na wenyewe, na mama anayeuza asali au shanga hurudi nyumbani na chochote.

Hata hivyo, sidhani hoja hiyo inawajibu Waendorois, jamii ya wafugaji wa Ziwa Bogoria nchini Kenya. Wakoloni waliitia ardhi yao mikononi mwa utawala wa Uingereza, na uhuru ulipofika ikakabidhiwa baraza la kaunti kama mdhamini; kisha, kuanzia 1973, wakaondolewa ili pawe hifadhi. Msingi wa kisheria uliwekwa na mkoloni, lakini waliowahamisha walikuwa Wakenya wenzao. Waendorois huamini kwamba roho za wafu wao hukaa katika ziwa hilo, na kando yake ndipo mifugo yao iliporamba chumvi.

Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika 2010, uliitaka Kenya itambue umiliki wao, iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na mrabaha (fungu la mapato yanayotokana na ardhi hiyo), na iwaache wafike ziwani bila vikwazo kwa ibada, mila na malisho. Bila vikwazo: hapo ndipo ninapokwama kila tamasha linaposifiwa kuwa limewarudishia watu utamaduni wao. Tambiko huitishwa na msiba au ukame, wala haliwezi kusubiri msimu wa watalii. Ng'ombe naye huhitaji chumvi mwaka mzima. Ruhusa ya tamasha la siku mbili, yenye tarehe iliyopangwa na mwenye lango, bado ni kikwazo.

Wahifadhi huuliza flamingo watakuwaje malisho yakifunguliwa. Ni hofu ya haki, na sisi tunaoishi karibu na Ziwa Nakuru tunajua jinsi ziwa linavyoweza kuelemewa. Lakini Tume iliona kwamba Waendorois, walezi wa eneo hilo tangu mababu, ndio wanaofaa zaidi kulitunza. Pamoja na hayo, Bogoria ilipoingizwa 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Nakuru na Elementaita, Tume ililazimika kulalamika kwamba ridhaa yao haikutafutwa.

Tamasha ambalo tarehe yake inapangwa na wazee wenyewe, na mrabaha wa mapato ya langoni unawafikia, ningeliunga mkono bila kusita.