Matema ya Jumamosi

Mtajie mtu wa Mbeya mjini Matema, ile ya Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa, atakwambia habari za kuogelea, samaki wa kuchoma na picha za Milima ya Livingstone. Sawa, hayo yapo. Ila naona tunaitazama Matema kwa macho ya wageni tu, na kila anayezungumzia kuiendeleza anaanza na hoteli. Wanaoipa Matema uhai ni wanaokuja kwa njia ya maji kununua mahitaji.

Nenda Lyulilo, jirani hapo hapo, Jumamosi siku ya gulio. Mitumbwi na boti za injini zinaingia kutoka Ikombe na vijiji vya mbele vilivyobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako kwa miaka mingi njia kuu imekuwa maji. Zinakuja na vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukwe ule, zinarudi na chumvi, sukari, sabuni za mche, mchele wa Kyela, misumari, dumu za mafuta. Ukisahau betri za tochi, utaazima kwa jirani hadi gulio lijalo.

Mama muuza vyungu hakupi chungu kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia, kizima. Kikikwaruza anakiweka pembeni, hata kama wewe umeshakipenda.

Kupakia nako kuna wenyewe. Magunia yanatangulia chini, sukari inaviringishwa kwenye nailoni, dumu la petroli linakaa mbali na mchele, maana mchele ukishanusa petroli hata kuku ataukataa. Bati ndizo zinazoleta ugomvi, kwa sababu zinashika upepo. Nahodha anaangalia ukingo wa boti na maji, halafu anasema, "Mama, hilo gunia libaki." Mama anabembeleza, anamwita mwanangu, anakumbusha ukoo. Mara nyingi gunia linapanda. Hapo ndipo ninapoogopa. Ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma katikati ya mwaka, mawimbi yanakuja yakikua njia nzima bila kizuizi, yanaishia hapo.

Serikali haijalala, tuseme ukweli. Lami ya Kikusya–Ipinda–Matema imerahisisha bidhaa kufika. Ziwani ipo MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, zipo MV Njombe na MV Ruvuma za kubeba tani 1,000 kila moja. Lakini mwenye kilo kumi za sukari na mche wa sabuni hasubiri ratiba ya meli. Anapanda boti ya shemeji yake.

Basi fedha ziende pia kwenye boti ya shemeji. Gulio linahitaji banda la kuweka mizigo mvua za masika zikimwagika (na Kyela mvua haina utani), sehemu ya kuuzia mafuta mbali na chakula, na jaketi okozi za kukodi kwa bei ambayo muuza vyungu ataimudu. Nahodha naye apewe mtu wa kusimama naye pale pwani na kusema gunia libaki, mtu ambaye si mwanangu wa yeyote wala si wa ukoo ule.

Hoteli zijengwe tu, tutakwenda kunywa soda. Ila banda la Lyulilo litangulie.